Gunia la Uzi wa Kijani

Haya alinihadithia Bi Zamda, aliyekuwa akipika chai ghalani, siku ya tatu ya matanga ya kaka yake, tukiwa tumekaa mkekani tunachambua mchele wa hitima. Alianza mchele ukiwa kwenye sinia, akamaliza ukiwa umeshaiva, na hakuna kati yetu aliyekuwa na hamu ya kuula. Nchi yenyewe sitaitaja jina. Wakubwa wa huko hawapendi itajwe bila kibali, na kibali hutolewa Jumatatu tu, na Jumatatu ofisi hufungwa.

Ilikuwa nchi ndogo, ya kaya elfu mbili na themanini. Ilikuwa na mahindi yake, mvua zake mbili kwa mwaka, na Kampuni ya Shibe. Kampuni hiyo ilianzishwa kwa huruma. Serikali iliona wananchi wanalala na mahindi yao ndani, panya wanayala, roho ikaiuma, ikapiga marufuku. Kila kaya ikaamriwa kupeleka magunia sita katika ghala la Kampuni, na kupewa stakabadhi yenye picha ya gunia.

"Panya hali karatasi," alisema Daktari Mavere, Mkurugenzi Mkuu, siku ya uzinduzi, na watu wakapiga makofi, maana hakuna aliyewahi kumuuliza panya.

Huyu Mavere udaktari wake alipewa na chuo alichokipaka rangi. Tuseme kweli, alikipaka vizuri.

Na mkaguzi wa hesabu za Kampuni alikuwa Bwana Shomvi. Hakuwa mtu mbaya, na hili Bi Zamda alilirudia mara mbili. Alikuwa mtu wa kunyoosha suruali yake mwenyewe kwa pasi ya mkaa, mtu wa kurudisha senti akizidishiwa chenji dukani. Sheria ya nchi ile ilisema mkaguzi alipwe na anayekaguliwa, kwa kuwa hakuna mwingine anayeujua ugumu wa kazi yake. Basi mshahara wa Bwana Shomvi ulitoka Kampuni ya Shibe, nyumba aliyolala ilikuwa ya Kampuni ya Shibe, na hata mwavuli aliojifunika ulikuwa na chapa ya gunia.

Kila mwaka, mavuno yakishaingia, alihesabu magunia akatoa hati. Hati zilikuwa za aina tatu: hati safi, hati safi sana, na hati safi ya kung'aa. Katika vitabu ilitajwa pia hati chafu, lakini muhuri wake ulipotea siku ileile ulipochongwa, na tume ya kuutafuta ilikuwa bado inalipwa posho. Bwana Shomvi alikuwa ametoa hati za kung'aa miaka tisa mfululizo.

*

Kuhesabu kwenyewe kulikuwa na adabu yake. Mbele ya mlango wa ghala kiliwekwa kiti cha mninga, kina mikono, kina mto wa sufi. Mkaguzi wa nchi ile hasimami. Yeye anakaa, na mali ndiyo inayopita mbele yake. Wachukuzi hutoka na magunia mlango wa mbele, wakapita kitini, wakazunguka ghala, wakayarudisha ndani kwa mlango wa nyuma. Mkaguzi akiinuka kabla ya gunia la mwisho, hesabu imebatilika na gharama zote ni zake: wachukuzi, chai, hata kivuli alichokikalia.

Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya usalama. Inasemekana zamani mkaguzi mmoja aliinuka akazunguka kutazama mlango wa nyuma, akaumwa na nyoka. Tabibu aliyempima alisema ni nyoka wa ajabu sana, kwani aliacha alama za rungu.

Basi mwaka huo wa kumi Bwana Shomvi akakaa. Wachukuzi sitini wakaanza kupita, na nyapara wao, Ubwa, mtu mfupi mwenye shingo nene, akiwaimbisha. Bi Zamda alikuwa pembeni na jiko lake, anamimina chai ya tangawizi.

Saa nne asubuhi likapita gunia lililoshonwa mdomo kwa uzi wa kijani.

Bwana Shomvi alilijua. Wakati wa mavuno mkewe, Bi Siwema, alikuwa uani akishona magunia yao sita kwa shazia, ile sindano kubwa. Kamba ya katani ikamwishia gunia la sita. Duka likiwa mbali na jua kali, akafumua sweta kuukuu la mumewe, la kijani kibichi, akamalizia. Nchi nzima hapakuwa na gunia jingine lenye mdomo ule. Nusura Bwana Shomvi alisalimie.

"Hilo langu," alimwambia Bi Zamda.

"Hongera, Bwana Mkaguzi. Naona limenenepa."

Saa tano kasorobo likapita tena.

Bwana Shomvi akafikicha macho. Akasema moyoni ni jua. Akaomba chai nyingine. Kabla ya adhuhuri likapita mara ya tatu, na mchukuzi aliyelibeba hakuwa yule wa kwanza.

"Bi Zamda, nigawie kiberiti."

"Umeanza kuvuta uzeeni?"

"Nigawie tu."

Akatoa njiti tatu, akazitia mfuko wa kushoto. Tangu hapo kila uzi wa kijani ulipopita alihamisha njiti. Siku ya pili alimwita nyapara.

"Ubwa, hilo gunia limeshapita."

"Limepita ndiyo, mkubwa. Kazi yake kupita."

"Nasema lilipita na jana."

"Basi lina bidii. Kuna magunia mavivu humu, we acha tu."

Wachukuzi wakacheka, lakini kicheko kilikuwa cha watu waliobanwa shingo. Bwana Shomvi akashika mikono ya kiti kwa nguvu, akajiinua kidogo, mto wa sufi ukapumua. Ubwa akasogea karibu, akainama kana kwamba anamwondolea uchafu begani, akasema polepole bila mzaha wowote:

"Kaa, mzee wangu. Nyoka bado yupo. Mimi mwenyewe ndiye ninayemlisha, na nina watoto watano."

Bwana Shomvi akakaa.

Siku ya tatu jioni gunia la mwisho likapita. Hesabu ya kitini ilikuwa elfu kumi na mbili mia nne na themanini, kamili kama vitabu vilivyosema, halikuzidi moja wala halikupungua moja. Mfuko wa kushoto ulikuwa na njiti arobaini.

Akagawanya kichwani, maana kwa kugawanya hakuwa na mpinzani. Ghala zima lilikuwa na magunia mia tatu na kumi na mawili.

*

Nyumbani, walikobaki wawili tangu Tausi aolewe, Bi Siwema alimpokea mwavuli, fagio mkononi.

"Umeliona gunia letu, Baba Tausi?"

"Nimeliona."

"Alhamdulillahi. Lipo?"

"Lipo."

Alivyolitamka lile neno mkewe akaacha kufagia. "Mbona umelisema kama unatoa jino? Umeliona mara ngapi?"

Bwana Shomvi akamwaga njiti kwenye mkeka. Bi Siwema akachuchumaa, akazihesabu moja moja, akafika arobaini, akarudia kutoka mwanzo. Hakuwa amesoma, lakini mtu hahitaji shule kujua kwamba gunia moja haliwezi kuwa arobaini.

"Mengine wamepeleka wapi?"

"Wameuza ng'ambo ya mpaka. Wapi tena?"

"Na watu?"

"Watu wana stakabadhi."

Bi Siwema akaanza kusema haraka haraka. "Sikiliza. Bondeni bado kuna unyevu. Watu wakijua leo, wiki hii wanapanda viazi vitamu, vile vya miezi mitatu, wanapanda na maboga. Watateseka lakini watavuka. Wakijua wakati wa kiangazi, ardhi itakuwa kigae. Hutamwambia mtu apande kigae. Baba Tausi, unanisikia? Kesho nenda kaseme."

"Nyumba hii ni ya Kampuni, mama."

"Tutajenga kibanda."

"Na hati zangu za miaka tisa?"

Hapo Bi Siwema akazikusanya njiti, akamtia mumewe mkononi. "Kwani miaka hiyo uliangalia nini?"

"Niliangalia yakipita," alijibu Bwana Shomvi.

*

Ofisi ya Daktari Mavere ilikuwa na zulia lililozamisha miguu mpaka vifundoni, hata wageni waliingia kama wanaovuka mto. Bwana Shomvi akavuka, akasema alilotumwa na mkewe, neno kwa neno, akaweka njiti mezani.

Daktari Mavere hakukasirika. Alisimama akafunga vifungo vya koti, ishara kwamba ni hotuba.

"Bwana Shomvi, gunia ni nini? Mjinga atasema ni katani na mahindi. Hapana! Gunia ni imani. Mwananchi anayeamini ana magunia sita analala kifudifudi, anaota, anaoa, anazaa. Mwananchi huyohuyo mwambie hana kitu: atakonda kabla ya chakula cha mchana. Sasa nani mwuaji hapo, niliyemwachia imani yake, au wewe unayekuja na kiberiti?"

"Bondeni bado kuna unyevu, Mheshimiwa. Wapande viazi."

"Viazi!" Mavere alilitamka kama tusi. "Nchi yenye hati ya kung'aa ipande viazi, majirani watuelewe vipi?"

"Basi nakata rufaa kwa Baraza la Wakaguzi."

"Ni haki yako, na mimi ni mpenda haki. Nipe dakika mbili nibadili koti."

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na koti jeusi na miwani, akaketi kiti cha pili cha meza ileile.

"Baraza la Wakaguzi limekaa. Wewe nani, na una shida gani?"

Bwana Shomvi, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, akajitambulisha, akaeleza upya kuanzia chai ya kwanza.

"Masikitiko makubwa," lilisema Baraza, likifuta miwani. "Na huyo Mavere umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Alisema anabadili koti."

"Mtu makini huyo." Baraza likavuta droo, likatoa hati tisa za kung'aa, likazipanga mezani kama anayepanga karata. "Baraza lina swali moja tu. Mwaka jana yalikuwa mangapi?"

"Elfu kumi na mbili mia nne na themanini."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na mwaka juzi? Nani kasema? Na mwaka ule wa mafuriko, ghala likiwa na maji kiunoni, nani kakaa kitini akasema yote yapo, yote makavu?"

Bwana Shomvi akaitazama hati ya mwaka huo. Mwaka wa mafuriko aliukumbuka. Chai ilikuwa na maziwa.

"Ukisema mwaka huu hayapo," liliendelea Baraza kwa upole, kama baba anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "basi kuna mambo mawili. Ama uliyaiba wewe, tangu mwaka jana mpaka juzi. Ama uliidanganya nchi miaka tisa. La kwanza ni kunyongwa. La pili ni kunyongwa pia, lakini kwa kamba ya Serikali. Chagua. Baraza halimlazimishi mtu."

Likaingia nyuma ya pazia, likatoka likiwa Mavere.

"Walikuamulia nini, rafiki yangu?" Akasukuma karatasi na muhuri wa kung'aa. "Na kwa kuwa naona umelipenda sana lile la uzi wa kijani, chukua. Ni zawadi ya Kampuni. Usiseme hatujali."

Bi Zamda aliingia na trei ya chai wakati huohuo, na anaapa aliuona mkono wa Bwana Shomvi ukienda kwenye muhuri kama mkono wa mtu mwingine. Ukagonga. Wino ulikuwa wa dhahabu.

*

Mchukuzi akalitua gunia uani kwao. Bi Siwema akalizunguka mara moja.

"Umesaini."

Bwana Shomvi akafunga mwavuli wake. Mkewe akaenda ndani akaleta kisu, akafumua mdomo wa gunia, akauviringisha uzi wa kijani kwenye kijiti, usipotee hata inchi. Akapima, akatwanga, akapepeta, akapika. Akamtengea.

"Kula, Baba Tausi. Umelilipia."

Akala. Kila tonge lilimkaa kooni kama limekuja kumuuliza jambo.

Bi Siwema hakukaa. Alifunga kanga akaenda nyumba hadi nyumba, mkononi kibaba cha mahindi kama zawadi, mdomoni maneno: pandeni viazi, ghala ni tupu, pandeni leo. Jirani wa kwanza alipokea mahindi akacheka.

"Shoga, una homa? Hati ya kung'aa imebandikwa msikitini na kanisani. Ameigonga mumeo!"

"Mume wangu amesema uongo."

"Haya makubwa! Mmegombana. Njoo ukae, nikupoze kwa maji. Wanaume ndivyo walivyo, lakini usimharibie mwenzio kazi."

Jirani wa pili alisema hivyohivyo, na wa tatu, na wa thelathini. Walimwamini Bwana Shomvi. Ni mtu wa kurudisha chenji. Baada ya siku kumi na moja gunia likaisha, na bondeni hapakuwa na shina moja la kiazi ila yale aliyochimbia Bi Siwema mwenyewe, na hayo yakaliwa na nguruwe mwitu, nao wana njaa zao.

*

Kiangazi kikafika. Watu wakaenda ghalani na stakabadhi zao.

Kampuni ya Shibe iliwapokea vizuri, maturubai yametandazwa. Daktari Mavere akatangaza kwamba siku hizo ni za uwazi, na kila mwananchi ana haki ya kukagua mali yake mwenyewe. Kile kiti cha mninga kikaletwa. Mwenye stakabadhi alikaa, akapewa kikombe cha chai ya rangi, wachukuzi wakampitishia magunia sita. Akishayahesabu aliinuka na mwenzake akakaa, wakampitishia magunia sita. Yalikuwa yaleyale.

"Umeyaona?" waliuliza waliokuwa kwenye foleni.

"Nimeyaona. Yapo."

"Wamekupa?"

"Wanasema kutoa ni idara nyingine. Lakini yapo."

Na watu wakarudi nyumbani wepesi wa moyo, wakawaambia watoto yapo. Watoto wakauliza, yapo wapi? Wakaambiwa, yapo ghalani, baba ameyaona yakipita. Wiki nzima nchi ile iliishi kwa chai ya rangi na kupita kwa magunia. Panya, waliokosa mahindi, wakajifunza kula stakabadhi.

Bwana Shomvi alikuwa akiyatazama haya kutoka dirisha la nyumba ya Kampuni. Siku ya tisa akaona Ubwa naye amebeba, kwa kuwa wachukuzi wenzake wengi walikuwa hawawezi tena kusimama. Ubwa akafika mbele ya kiti, magoti yakamkatika, akaanguka, na gunia likapasuka juu yake.

Likamwaga mchanga. Mchanga na pumba.

Hata yale mia tatu na kumi na moja yaliyobaki yalikuwa yameuzwa baada ya muhuri. Watu wakasogea kutazama. Bibi mmoja aliyekuwa kitini, kikombe mkononi, akamuuliza Ubwa pale chini:

"Mwanangu, hilo nilihesabie gunia la ngapi?"

Ubwa hakujibu. Alikuwa amefariki, na watoto wake watano walikuwa kwenye foleni.

*

Tume ya uchunguzi iliundwa mchana uleule. Mwenyekiti alivaa koti la rangi ya tatu, lakini Bi Zamda, aliyempelekea chai, aliyajua yale masikio. Ripoti ilikuwa fupi. Ilisema Kampuni ya Shibe ilifanya kila kitu kwa mujibu wa hati. Ilisema hati ni ya mkaguzi. Ilisema magunia yaliharibika kwa kuhesabiwa kupita kiasi. Daktari Mavere akaenda ng'ambo kutibiwa huzuni, na masanduku ishirini na mawili ya dawa.

Bwana Shomvi alisubiri kamba. Tangu siku ya muhuri alikuwa akiingoja, na karibu aitamani. Badala yake akaletewa barua ya kupandishwa cheo.

Serikali ilikuwa imetafakari njaa ikagundua kwamba mtu aliyelala hali. Basi ikatoa Agizo la Usingizi: kila raia alale, kuanzia saa nane mchana, mpaka mvua zitakaponyesha. Atakayeonekana macho atahesabiwa mchochezi. Na kwa kuwa nchi haiwezi kulala kiholela, apatikane mtu mwaminifu wa kuthibitisha kwa hati kwamba wote wamelala, na wamelala wameshiba. Mtu huyo ni Bwana Shomvi. Akishawathibitisha, naye alale.

Palitokea tatizo la kitaalamu. Waliolala hawawezi kupita mbele ya kiti. Barua ikaenda wizarani, majibu hayakuja, kwa sababu wizara ilikuwa imelala. Basi Bwana Shomvi akatoka kwa miguu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi mkaguzi wa nchi ile alihesabu akiwa amesimama.

Alitembea siku nne. Aliingia kila nyumba, akainama mkekani, akasikiliza pumzi, akaandika. Mtu mmoja, alama moja. Hakumhesabu mtu bila kumgusa mkono. Mikono ilikuwa mikavu kama mabua. Pengine aligusa mkono usiorudisha joto, na hao aliwaandika ukurasa wa nyuma, kwa majina.

Kwa Bi Zamda alimkuta amejifunika gubigubi.

"Andika nimelala, Bwana Mkaguzi."

"Mbona unasema?"

"Ndio usingizi wetu huo. Andika uende, usije ukapitiwa na wewe hapa kwangu."

"Umeshiba?"

Bi Zamda akafunua uso. Hakuna aliyewahi kuulizwa swali lile katika ukaguzi wowote. "Sijashiba," akasema, na macho yakamjaa maji. "Andika hilo. Utaandika?"

"Nitaandika."

Siku ya nne mchana, jua liko juu ya paa, akafika kwake. Bi Siwema alikuwa amelala ubavu, mifupa ya bega imechomoza, mkononi ameshika kile kijiti chenye uzi wa kijani. Bwana Shomvi akachuchumaa, akamgusa mkono. Ulikuwa na joto kidogo.

"Umewahesabu wote?" Bi Siwema aliuliza bila kufumbua macho.

"Wote. Bado wewe."

"Nihesabu basi."

"Nimekuhesabu."

"Mara ngapi?"

"Mara moja, Mama Tausi. Mara moja tu."

Bi Siwema akatikisa kichwa, kama anayesema hiyo ni sawa. Akavuta uzi kidogo kutoka kwenye kijiti, akauacha ukining'inia kuelekea upande wake, na pumzi zikamlegea.

Bwana Shomvi akakaa sakafuni akaandika hati. Muhuri wa kung'aa aliuweka kando. Karatasi hiyo Bi Zamda aliiokota mvua zilipomwamsha, akaitunza kwenye kopo la majani ya chai, na mimi nimeishika kwa mikono yangu. Kabla ya kusahihishwa neno moja, ilisema hivi:

"Magunia yaliyopo: hakuna. Yaliyokuwepo siku niliyosaini: mia tatu na kumi na mawili. Niliyosaini: elfu kumi na mbili mia nne na themanini. Niliona kwa macho yangu nikasaini kwa mkono wangu, wakati bondeni bado kuna unyevu. Watu waliolala: elfu nane mia sita na watatu. Walioshiba: hakuna. Wasioamka tena wako nyuma ya karatasi. Hati hii ni chafu."

Akatoka, akaipigilia misumari kwenye mlango wa ghala, akarudi. Njia nzima hapakuwa na mlango uliofunguliwa wala jicho la kusoma. Kuku hawakuwepo. Upepo ulikuwa ukipeperusha vipande vya stakabadhi.

Alipofika mlangoni kwake akakumbuka jambo, akageuka, akarudi ghalani polepole, akishika kuta. Elfu nane mia sita na watatu: alikuwa amejisahau. Akatoa kalamu, akafuta watatu akaandika wanne.

Akatazama alichoandika. Katika hati yote, hilo ndilo neno pekee ambalo halijawa kweli bado. Likamkera. Miguu haikuwa tayari kurudi nyumbani tena, na kiti cha mninga kilikuwa palepale mlangoni, na mto wake. Bwana Shomvi akakipita. Akajilaza chini kwenye mchanga uliomwagika, jua likimpiga usoni, akafumba macho upesi kama mtu anayewahi kulipa deni kabla ofisi haijafungwa, na hesabu ikatimia.